Pima Shingo Kabla Hujaikereza

Kila wiki mtu huniletea diski ya breki hapa Kariobangi na kuniambia neno moja tu: skimu. Hanielezi gari linatetemeka likiwa mwendo gani, wala kama usukani ndio unaocheza au ni pedali. Anataka mashine iwashwe, chuma kikatwe king'ae, alipe aende. Mimi huiweka diski mezani, nikatoa maikromita, chombo cha kupimia unene, nikasoma namba iliyogongwa ukingoni na kiwanda. Namba hiyo ndiyo unene wa chini kabisa. Diski ikishuka chini yake haifai tena, hata ikiwa laini kama kioo. Wateja wengine huudhika nikiwarudishia bila kuikata. Nimewazoea.

Kwa hiyo Januari mwaka jana, binamu yangu anayeishi Minnesota aliponipigia simu akitaka ushauri wa kukereza shingo za maganda ya risasi, swali langu la kwanza lilikuwa lile lile ninalowauliza wenye diski. Umepima?

Alikuwa hajapima. Alikuwa ameshakereza maganda mia moja.

Nieleze kidogo, maana hapa kwetu jambo hili ni geni kwa wengi. Binamu yangu hulenga shabaha za karatasi wikendi kwa bunduki ndefu ya .308, yaani risasi yake ina kipenyo cha inchi 0.308. Huko Marekani mlenga shabaha anaruhusiwa kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani, na wanaolenga mbali wengi hufanya hivyo. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba njano, fataki inayowasha, baruti, na risasi yenyewe inayotoka. Ukishafyatua, vitatu vimekwenda na ganda limebaki. Ganda hilo hurudishwa umbo kwa dai, yaani kalibu ya chuma inayolibana, likawekwa fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya. Ganda zuri likitunzwa hutumika mara nyingi.

Sehemu ya juu ya ganda, ile inayoishika risasi, ndiyo shingo. Ni ukuta mwembamba mno. Katika .308 huwa kama thau 14, na thau ni sehemu ya elfu moja ya inchi, kipimo ambacho sisi wa mashine bado tunakisema hata baada ya shule kutufundisha milimita. Thau 14 ni theluthi moja ya milimita na ushee kidogo. Sasa, ukuta huo hauwi sawa pande zote. Ganda huanza kama kikombe kifupi cha shaba njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, kisha husukumwa na pini kupitia dai, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikirefuka na kuwa chembamba. Pini ikikaa kando kwa unywele mmoja, upande mmoja wa ganda unatoka mnene na wa pili unatoka mwembamba, kama chapati iliyosukumwa na mkono mmoja wenye nguvu kuliko mwingine.

Risasi ikiingizwa kwenye shingo ya namna hiyo haikai katikati hasa. Ndipo likaja wazo la kukereza shingo kwa nje: unaingiza mandreli, yaani kijiti cha chuma cha duara, ndani ya shingo, unazungusha ganda, na kisu kidogo kinanyoa vilima vilivyoko nje mpaka ukuta uwe na unene mmoja. Ni ukerezaji kamili, mdogo kuliko wowote nilioufanya, na nilipoona video yake kwa mara ya kwanza nilisimamisha kazi nikaitazama mara mbili. Nyuzi za shaba zinazotoka ni laini kuliko nywele za mtoto. Mtu anayependa chuma hawezi kuacha kuvutiwa.

Hapo ndipo shida ilipo, na ndilo ninalotaka kulisema leo. Kazi hii inavutia kiasi kwamba watu huifanya kabla ya kujua kama ina haja. Kwa bunduki ya kawaida iliyonunuliwa dukani, mimi nasema mara nyingi haina haja, na mara nyingine inaharibu.

Nilimwomba binamu yangu achukue maganda ambayo hajayagusa bado. Akapima ukuta wa shingo kwa maikromita yenye ncha ya duara, sehemu nne kwenye kila ganda. (Maikromita ya kawaida yenye uso bapa haifai kwa kazi hii, kwa sababu ndani ya shingo pamepinda na uso bapa utakaa kwenye kingo mbili na kukudanganya.) Upande mwembamba ulikuwa thau 13 na nusu, upande mnene 14 na nusu. Tofauti ya thau moja.

Tukae kwenye hesabu hii kidogo kwa sababu inaamua mengi. Ukuta ukitofautiana kwa thau moja, kitovu cha risasi kinasogea kutoka kitovu cha shingo kwa nusu thau. Ukilizungusha ganda chini ya geji ya saa, sindano itacheza mara mbili ya hapo, yaani thau moja. Ukuta peke yake hauwezi kuichezesha zaidi ya hapo. Lakini binamu yangu alipozungusha risasi zake zilizokamilika, sindano ilicheza thau tano.

Thau nne za ziada zilitoka wapi? Hazikutoka kwenye unene wa shingo. Na yeye alikuwa ameshanyoa shingo mia moja akitafuta ugonjwa mahali ambapo palikuwa na thau moja tu.

Mambo ya namna hii nayajua kwa uchungu. Nilipokuwa kijana karakana moja ya Industrial Area, tulikuwa tunaletewa diski zinazotetemesha magari nasi tunazikata. Mteja anarudi baada ya majuma mawili, zinatetemesha tena. Tunakata tena. Diski moja tuliikata mara tatu mpaka ikawa nyembamba kuliko namba yake, na nilikuwa mimi kwenye mashine. Baadaye fundi mzee alinichukua hadi kwenye gari, akavua diski, akaniwekea kidole changu kwenye uso wa habu pale diski inapokaa. Palikuwa na kutu, gamba dogo kama ukucha. Diski ilikuwa inakaa upande juu ya kutu ile tangu mwanzo. Kila tulipoikata kwenye mashine, ilinyooka kwa mashine. Ikirudi garini, inakaa juu ya kutu na kuyumba. Brashi ya waya ingetosha. Sijasahau ile hisia ya kujua kwamba nilikuwa nimetupa chuma kizuri cha mtu.

Kwa hiyo nilimwambia binamu yangu afuate ganda hatua kwa hatua, kama ninavyofuata mtetemo kuanzia tairi hadi habu. Apime shingo inavyoyumba ikizungushwa, ganda likitoka kwenye bunduki. Apime tena likitoka kwenye dai bila kijimpira cha kutanulia. Apime tena kijimpira kikiwa kimerudishwa. Dai nyingi za kawaida zinabana shingo kupita kiasi, kisha wakati wa kulitoa ganda, kijimpira cha chuma kilichoko ndani kinavutwa kupitia shingo ili kuipanua hadi kipimo chake. Sasa fikiria unavuta mpira kwa nguvu kupitia bomba jembamba la shaba lililoshikwa kwa chini tu. Usipovuta wima kabisa, bomba linafuata mkono wako.

Matokeo yake yalikuja kwa WhatsApp usiku wa Jumapili. Kutoka kwenye bunduki: chini ya thau moja. Bila kijimpira: thau moja. Baada ya kijimpira: thau nne. Hapo ndipo palikuwa kutu yake.

Halafu kuna madhara ya kile alichokuwa ameshakikata. Kila bunduki ina chemba, tundu la nyuma ya mtutu ambamo ganda hukaa, na chemba ina shingo yake. Ukitaka kuijua bila vyombo vya gharama, pima nje ya shingo ya ganda lililotoka kufyatuliwa. Shaba ilisukumwa hadi kugusa ukuta wa chemba, kisha ikarudi nyuma kama thau moja. Ya kwake ilisoma inchi 0.343, kwa hiyo chemba tuliikadiria 0.344. Risasi yake iliyojazwa kwa ganda lisilokerezwa ilisoma 0.336. Nafasi ni thau nane tayari, kubwa ya kutosha, kwa sababu bunduki za kiwanda hutengenezwa zimeze maganda ya kila mtengenezaji, manene na membamba. Yeye alinyoa thau mbili kuzunguka ukuta wote. Toa mbili kila upande, risasi iliyojazwa inakuwa 0.332. Nafasi imefika thau kumi na mbili.

Maana yake ni kwamba kila akifyatua, shingo inatanuka thau kumi na mbili badala ya nane, kisha inabanwa kurudi. Shaba haisahau. Kila ukiikunja na kuikunjua inazidi kuwa ngumu, kama waya unaoukunja huku na huku hadi ukatike. Mafundi wa Kamukunji wanalijua hili bila kusoma kitabu: bati ukiligonga sana mahali pamoja linakuwa gumu, na ukizidisha linapasuka. Maganda yake yalianza kupasuka shingo mapema kuliko ya rafiki yake waliyenunua naye siku moja, ambaye hakukereza. Alikuwa analaumu aina ya shaba.

Dawa ya ugumu huo ipo, ni kupasha shingo moto ili chembe za shaba zilegee, kama tunavyopasha washa za shaba nyekundu za nozeli za dizeli kabla ya kuzirudisha. Lakini kwenye ganda, moto uishie shingoni na begani, pale ganda linapobana kuelekea shingo. Kitako cha ganda lazima kibaki kigumu kwa sababu ndicho kinachobeba shinikizo lote bila msaada wa kutosha wa chemba. Ganda lililolegezwa kitako ni hatari kwa uso na macho ya anayelifyatua. Nililisema hili kwake mara tatu, na nalisema hapa kwa sababu nimeona watu wakipasha kitu kizima kwa pupa.

Kuna walenga shabaha watakaoniambia kwamba mabingwa wote hukereza shingo. Wengi, ndiyo. Lakini angalia wanafyatua nini. Mwaka 1975 Louis Palmisano na Ferris Pindell walitengeneza risasi fupi nene inayoitwa 6mm PPC, kutokana na ganda la .220 Russian, na ikaja kutawala mashindano ya kulenga kutoka juu ya meza. Bunduki nyingi za mchezo huo hukatwa chemba yenye shingo ya inchi 0.262. Risasi yenyewe ni 0.243. Toa, gawa kwa mbili, inabaki thau tisa na nusu kila upande, na humo humo utoe nafasi ya shingo kuachia. Ganda linatoka kiwandani likiwa na ukuta mnene kuliko hapo kwa thau kadhaa. Halitaingia kabisa. Hapo kukereza si urembo. Bila kukereza hakuna kufyatua. Na mwenye bunduki ya namna hiyo akilisukuma kwa nguvu ganda nene likaingia, shingo haina pa kutanukia, risasi inabanwa, na shinikizo linapanda ghafla hadi mahali ambapo chuma huvunjika. Kwa hiyo yeye hupima kila ganda, kila mara, kwa woga wa haki.

Kwake chemba na shingo vimepangwa pamoja tangu siku mtutu ulipokatwa. Kinachomfaa huyo hakimfai mwenye bunduki ya dukani yenye thau nane za nafasi. Ni sawa na kuchukua bushi iliyokerezwa kwa shafti ya mashine moja na kuitia kwenye nyingine kwa sababu ya kwanza ilifanya kazi vizuri.

Upande mwingine wa mizani, tazama Bisley, Uingereza, ambako mashindano makubwa yamekuwa yakifanyika tangu 1890. Wanaolenga kwa bunduki za .308 zisizo na darubini, katika mashindano yao makuu, hupewa risasi za aina moja na waandaaji. Hakuna aliyekereza chochote. Wanalenga hadi yadi 1,000 wakisoma upepo kwa bendera, na mshindi ni mshindi. Ninalitaja si kwa kudharau usahihi wa vifaa, maana usahihi ndio ugali wangu. Nasema tu kwamba kwa mtu aliyeanza mwaka juzi, upepo na kidole vinamsogeza mbali kuliko nusu thau ya kitovu cha risasi.

Basi nini kilibadilika? Binamu alipokuja Nairobi Desemba, alikaa nami karakanani siku mbili, akishika chai na kuuliza maswali kama mwanagenzi. Mandreli za kutanulia zinauzwa huko kwao, hakuwa na haja ya kuifuata hapa. Ila nilitaka aone. Nikachukua silva stili, nikaikereza hadi inchi 0.306, thau mbili chini ya risasi yake, ncha ikiwa na mteremko mrefu ili iingie shingoni bila kukwaruza. Thau ya mwisho sikuikata kwa kisu. Niliimaliza kwa msasa laini wenye mafuta, mbele na nyuma, nikisimamisha mashine na kupima kila baada ya kupitisha mara chache, mpaka maikromita iliposema namba ile ile sehemu tatu. Sikuikaza kwa moto, kwa sababu chuma kikikazwa hupinda na kubadili kipimo, na mimi sina mashine ya kukisaga tena baadaye. Shaba ni laini kuliko stili hiyo, haitaimaliza leo wala kesho.

Faida ya mandreli ni kwamba inasukumwa kuingia shingoni, ganda likiwa limesimama juu ya kitako chake, badala ya mpira kuvutwa kutoka ndani. Na kuna jambo jingine ambalo hata anayetaka kukereza anapaswa kulijua: dai ikiibana shingo kwa nje, vilima vya ukuta vinasukumwa ndani. Ukipitisha mandreli, vinasukumwa nje. Kwa hiyo ukikereza bila kutanua kwanza, kisu chako kinapita juu ya uso laini na kuacha kilima kikiwa ndani. Umekata, umechoka, na tatizo liko pale pale.

Aliporudi, akavua kile kijimpira kwenye dai na kutumia mandreli. Sindano sasa inacheza thau moja, saa nyingine moja na nusu. Maganda yake mapya hakuyakereza. Aliyapima na kuyapanga makundi mawili kwa unene, yale yenye tofauti kubwa akayaacha ya mazoezi. Matundu kwenye karatasi zake yamekaribiana, na ananitumia picha kila Jumamosi jioni.

Nimeandika haya nikiwa Nairobi, na lazima niseme neno kwa vijana wa karakana za hapa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mchezo na mtu anayetengeneza au kurekebisha bunduki au risasi bila idhini. Hapa hatujazi risasi nyumbani kama Minnesota. Akija mtu na kipande cha mtutu, au ganda, au kitu ambacho hataki kukueleza ni cha nini, mrudishie. Nami sina bunduki na sijawahi kuitaka. Nilichompa binamu ni kijiti cha chuma cha duara na siku mbili za kufundishana kupima, na hata hicho nilikitengeneza mchana, mlango ukiwa wazi.

Juzi amenipigia tena. Anafikiria kununua mtutu mpya, na fundi wa bunduki wa huko amemuuliza kama angependa shingo ya chemba ikatwe nyembamba. Safari hii hakuuliza kama akereze. Aliniuliza shingo iwe inchi ngapi, ukuta ubaki thau ngapi, na nafasi ibaki kiasi gani. Nikamwambia anunue kwanza maganda atakayotumia, apime hamsini, aandike unene mwembamba kabisa anaoupata, halafu anitumie ile karatasi kabla fundi hajagusa mtutu.